Nywila ya laptopu ya kinu: ufunguo huu ni amana ya nani?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, leo sitazungumzia twahara wala ndoa. Nitazungumzia kompyuta. Najua wapo watakaosema shekhe leo amekosa mada. Vumilieni kidogo, maana ndani ya habari hii kuna madeni ya watu, kuna ujira wa mtu na kuna amana, na hayo ndiyo tutakayoulizwa.

Siku chache zilizopita, baada ya Isha, tumemaliza darasa letu hapa Singida mjini, walibaki watu wawili msikitini. Mmoja kakaa karibu na mimbari, mwingine kakaa mlangoni kabisa, karibu na viatu. Nikajua hapa pana jambo. Wa kwanza ni mzee wetu mwenye kinu cha kukamua alizeti. Wa pili ni kijana aliyekuwa karani wake kwa miaka mitatu. Wote wawili wameniruhusu niyaeleze yaliyowapata bila kuwataja, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wasijulikane.

Mzee ana laptopu ya kazi, zile nyeusi ngumu ambazo makampuni ya Ulaya huzitumia miaka michache kisha zinaletwa huku kwetu kama mtumba. Humo karani aliandika kila kitu. Mkulima fulani wa Ikungi kaleta magunia mangapi, kachukua madumu mangapi ya mafuta, mashudu kaacha au kabeba, anadai shilingi ngapi. Mnajua biashara ya alizeti ya kwetu ilivyo. Wakulima wengi huacha mbegu kinuni na kusubiri mafuta yauzwe ndipo walipwe. Kwa hiyo ile laptopu haikuwa chombo tu, ndiyo iliyokuwa daftari la madeni.

Sasa yule karani, kwa nia njema kabisa, aliona vijana wa kinuni wanachomeka flashi zao za nyimbo na filamu, na mashine inaingia virusi kila wiki. Akaingia kwenye programu ya ndani kabisa ya mashine, ile inayoamka kabla hata Windows haijaamka, mafundi wanaiita bayosi. Akazima matundu ya flashi. Kisha akaweka nywila ili asije mtu akayawasha tena. Alifanya vizuri, na mzee mwenyewe alimsifu siku hiyo. Nywila hakumwambia mtu. Hakuiandika popote.

Mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida, maana nywila ya aina hii huulizwi kila asubuhi. Utaulizwa siku unapotaka kubadilisha mipangilio ya ndani. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kukumbuka kwamba ipo.

Baadaye wakagombana. Karani anadai mishahara ya miezi miwili. Mzee anasema biashara ilikuwa mbaya, avumilie. Karani akaondoka. Miezi minne baadaye Windows ya ile laptopu ikaharibika, haiwaki. Fundi akaja na flashi yake apige Windows upya, mashine haiitambui flashi. Akaingia bayosi ayafungue matundu, akakuta kufuli. Mzee akapiga simu kwa karani. Karani akasema, "Mzee, wallaahi nimesahau." Mzee hakuamini. Akasema huyu ananikomoa kwa sababu ya mishahara. Na wakulima wameshaanza kuja kudai.

Hapo ndipo waliponiletea.

Kabla sijasema hukumu, nieleze kidogo kufuli lenyewe, kwa sababu nusu ya ugomvi wao ilitokana na kutolijua. Nilikaa na fundi akanifundisha, Allaah amlipe kheri.

Nywila ya Windows na nywila ya bayosi ni vitu viwili. Ya Windows ni kama kufuli la kabati. Ukisahau, fundi ana njia nyingi. Ya bayosi ni kama kufuli la geti. Na kwenye kompyuta za kawaida za mezani, hasa za zamani, mafundi wetu walizoea kutoa ile betri ndogo ya duara kama sarafu, wakasubiri, wakairudisha, na nywila imefutika. Ndiyo maana vijana wa mtaani watakwambia "hiyo kazi ya dakika tano." Laptopu za kibiashara hazikutengenezwa hivyo. Nywila inahifadhiwa kwenye kichipu kinachotunza kumbukumbu hata bila umeme. Toa betri mwezi mzima, ukirudisha inakuuliza palepale. Na ukibahatisha mara tatu ukakosea, kwa kawaida inagoma mpaka uizime uanze tena.

Waliotengeneza walikusudia. Walitaka mwizi akiiba laptopu ya kampuni asiweze kuitumia. Kwa hiyo kufuli haliwezi kujua kama anayebisha ni mwizi au ni mzee wetu wa alizeti aliyesahauliwa na karani wake. Lenovo, wanaotengeneza ThinkPad, wanasema wazi kwenye vitabu vyao kwamba ukisahau nywila ya msimamizi, ubao mkuu wa mashine inabidi ubadilishwe, kwa malipo, na uje na uthibitisho wa ununuzi. Dell kwa aina zao nyingi hutoa namba ya kufungulia, lakini baada ya kuthibitisha kwamba mashine ni yako. Wote wanarudi kwenye swali moja: wewe ni nani kwenye hii mali? Na hili, ndugu zangu, ni swali la fiqhi kabla ya kuwa swali la fundi.

Basi nikaanza na kijana.

Nikamwambia: kijana wangu, mimi sijui moyoni mwako. Umeapa kwa Allaah kwamba umesahau, na aliyeapa kwa Allaah namwachia Allaah. Lakini hebu tuchukulie kwamba hukusahau. Tuchukulie unaikumbuka na unaizuia mpaka ulipwe. Je, ni halali?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Shekhe, si haki yangu? Bibi Hind aliruhusiwa kuchukua."

Nilifurahi, maana kumbe anahudhuria darasa. Anakusudia Hadithi ya Hind binti Utba, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alipomshtakia Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, naye akamruhusu achukue kwenye mali yake kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Kutokana na Hadithi hii wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema mwenye haki aliyenyimwa haki yake akikuta mali ya aliyemnyima anaweza kujichukulia kadiri ya haki yake, kwa masharti yake. Si neno la kulitupa.

Lakini angalia tofauti. Hind aliruhusiwa kuchukua matumizi, kitu ambacho ndicho haki yenyewe. Nywila si mshahara. Ukiizuia hujapata hata shilingi moja ya haki yako, na umemdhuru mtu wa tatu: bibi wa Mkalama aliyeleta magunia manne na jina lake limefungiwa humo ndani. Yeye hakukudhulumu. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi, ametufundisha tumrudishie amana aliyetuamini, na kwamba hata aliyetufanyia hiana hatumlipi kwa hiana.

Kuna kisa kingine nilichomkumbusha, na ninyi pia mnakijua. Usiku wa Hijra, Makuraishi wamezunguka nyumba wanataka kumuua, lakini amana zao zilikuwa kwake. Watu wale wale waliokuwa wanamtafuta walikuwa wameweka mali zao kwake kwa sababu hawakumpata mwaminifu kuliko yeye. Akamwacha Ali (Allaah amridhie) Makka ili azirudishe, moja moja, kwa wenyewe. Miezi miwili ya mshahara ni dhulma, sikatai. Haifikii upanga mlangoni.

Na ufunguo hasa una kisa chake. Mwaka wa 8 Hijria, siku ya kufunguliwa Makka, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Mtume (S.A.W.) akauchukua, akaingia, kisha akamrudishia, na ukoo wake unaushika mpaka leo. Wafasiri wengi wanakitaja kisa hiki kwenye Aya ya 58 ya Suratun Nisaa, ile inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mshika ufunguo hakuwa mwenye nyumba, na nyumba ni ya Allaah. Karani naye ameshika ufunguo. Ufunguo unafuata mali, haumfuati aliyeugeuza kwenye kitasa siku ya mwisho.

Hapo mzee akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwambia, mzee wangu, subiri, zamu yako inakuja.

Kwanza mshahara. Mzee, umekuja kudai ufunguo na mkononi umeshika jasho la mtu. Bukhari amepokea Hadithi Qudsi kwamba Allaah Mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Sasa wewe unakwenda mahakamani kwa nani, ikiwa Hakimu ndiye mgomvi wako? Na kama ulikuwa na uwezo ukawa unamzungusha, basi Mtume (S.A.W.) ameuita uchelewesho wa tajiri kuwa ni dhulma. Alinijibu kwamba hakuwa na hela. Nikamuuliza, na ile pikipiki mpya ya kubebea madumu? Akacheka kidogo, akatazama chini.

La pili ni kusahau. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na ndipo maoni yangu yanapotofautiana na ya baadhi ya ndugu zangu walionipigia baada ya kusikia habari hii. Walisema karani alipe gharama ya ubao mpya, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga. Mimi nasema hapana.

Tunajua kwamba umma huu umesamehewa kukosea na kusahau, hivyo dhambi haipo. Lakini kusamehewa dhambi hakuondoi fidia. Ukikanyaga simu ya mwenzako kwa bahati mbaya huna dhambi, na simu utalipa. Sasa je, karani alipe? Karani ni mwajiriwa, na mwajiriwa kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafii ni mwenye kuaminiwa, hatozwi fidia mpaka avuke mipaka au azembee. Kuvuka mipaka hakuvuka, alifunga kwa maslahi ya kinu na mwenye mali akamsifu. Je, alizembea? Alizembea kutoandika. Lakini nani alimwambia aandike? Nani aliuliza? Miaka mitatu mzee unakaa ofisi moja na huyu kijana, mali yako yote imo kwenye kichwa chake, na siku anaondoka umemuuliza funguo ya stoo, umemuuliza koti la kazi, hukumuuliza nywila. Huo uzembe nauona mkubwa kwako kuliko kwake.

Nikawasomea wote wawili maana ya Aya ya deni, Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Allaah ametaka deni liandikwe, aandike mwandishi kwa uadilifu, na mwandishi asikatae kuandika kama Allaah alivyomfundisha. Sisi tunaishia hapo. Kuelekea mwisho wa Aya hiyo hiyo imekatazwa dhara kati ya mwandishi na wenye deni, na wafasiri wameieleza kwa pande zote mbili: mwandishi asidhuru, na mwandishi asidhuriwe. Wallaahi ni kama imeshuka kwa ajili ya kinu hiki. Mmoja kamdhuru karani kwa kumnyima mshahara. Mwingine anatuhumiwa kudhuru kwa kuficha alichoandika. Na waliokuwa wanaumia ni wenye alizeti.

Tukakubaliana. Kwanza, mzee atalipa miezi miwili, si kwa sharti la kupata nywila, atalipa kwa sababu anadaiwa. Alilipa kesho yake jioni, mbele yangu. Pili, kijana atakaa na fundi ajaribu kukumbuka. Alikaa saa mbili. Alijaribu majina ya watoto, miaka ya kuzaliwa, namba ya gari la mzee. Haikufunguka. Mimi nilimwangalia uso wake baada ya kulipwa, hakuwa na sababu tena ya kuficha, na jasho lilikuwa linamtoka. Ninaamini alisahau kweli. Mzee pia aliamini, na akamwomba msamaha. Hiyo peke yake ilinitosha.

Lakini madeni ya wakulima je?

Hapa fundi akatuambia jambo ambalo kila mwenye biashara alijue. Nywila ya bayosi inafunga mashine, si lazima ifunge kumbukumbu. Kama karani hakuweka pia nywila ya diski yenyewe, na kama diski haikusimbwa kwa ile BitLocker ya Windows, basi diski inatolewa, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yanasomeka. Akaitoa, akaichomeka. Daftari lote lipo, mpaka la yule bibi wa Mkalama. Mzee alisema Allaahu Akbar kwa sauti mpaka wateja wa duka la jirani wakageuka.

Ingekuwa diski nayo imefungwa kwa nywila yake, watengenezaji wenyewe wanasema hawana njia ya kukutolea kilichomo. Na ingekuwa BitLocker imewashwa, ungehitaji ile namba ndefu ya tarakimu 48 ya kuokolea, na bila hiyo hata ukibadilisha ubao mkuu ndiyo kwanza itakuuliza namba hiyo. Kwa hiyo wewe unayesoma na una laptopu ya kazi, kabla hujamruhusu mtu aguse ubao, muulize kama diski imesimbwa.

Kisha fundi akafanya jambo la pili. Akapiga Windows kwenye ile diski ikiwa ndani ya kompyuta nyingine, akairudisha kwenye laptopu ya mzee, ikawaka. Bayosi bado imefungwa, matundu ya flashi bado hayafanyi kazi, lakini hesabu zinaandikika.

Nataka nimsifu fundi huyu kwa kitu kimoja kingine. Kabla ya kushika bisibisi aliuliza: "Hii mashine ni ya nani, na risiti iko wapi?" Mzee alikasirika kidogo. Risiti hana, aliinunua mkononi kwa mtu. Fundi akakubali kuendelea kwa ushahidi wangu na wa karani kwamba mashine imekuwa kinuni miaka yote hiyo. Ninyi mafundi mnaonifuata humu, hili si jambo la kuombwa radhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na kupokea mali ya wizi ni kosa tangu zamani. Lakini hata pasingekuwa na sheria, ukimfungulia mtu geti la nyumba usiyojua ni ya nani, umeshiriki naye. Laptopu nzuri inaletwa kwa haraka, jioni, bila chaja, bila risiti, mwenye nayo hajui hata jina la mtumiaji linaloandikwa kwenye kioo, na anataka bei yoyote. Unajua. Usijifanye hujui. Allaah ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Na wale wanaosoma kichipu na kukiandika upya, kazi hiyo ipo na wapo wanaoiweza. Lakini kama huiwezi, umeona tu video, usijifunzie kwenye mali ya mtu. Mtume (S.A.W.) amesema kuhusu mtu anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu kwamba yeye ni mdhamini wa atakachokiharibu. Wanazuoni wakapima na fani nyingine juu ya hiyo. Ukiunguza ubao wa mtu kwa kutojua, utalipa ubao. Ukiwa fundi unayejulikana, umeruhusiwa, umemweleza mwenye mali hatari iliyopo akaridhia, kisha ikaharibika bila uzembe, huna fidia. Mweleze kabla, si baada.

Baada ya mashine kuwaka, mzee akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja. "Shekhe, sasa kama hii nywila haitoki, niiuze tu Kariakoo ninunue nyingine?"

Nikamwambia uza, lakini umwambie mnunuzi.

Akasema, "Nikimwambia hatanunua kwa bei hiyo."

Nikasema, na ndiyo maana ya kumwambia.

Ndugu zangu wa Singida, sisi ni watu wa vitunguu. Mnajua soko la Misuna. Mnajua gunia linavyopangwa: vya juu vyekundu, vikavu, vinang'aa, na katikati vimewekwa vilivyoota na vilivyooza. Mnunuzi kutoka mbali anapasua nyavu akifika kwake, anatulaani sisi sote. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, akajibu mvua imekinyeshea. Akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu watu wakione, kisha akasema maneno mazito kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Muslim ameipokea.

Laptopu yenye nywila ya bayosi ni gunia la namna hiyo. Juu ni nzuri. Inawaka, kioo safi, betri inakaa. Mnunuzi anaijaribu dukani nusu saa, haoni kitu. Unyevu uko katikati, atauona siku Windows ikifa. Hiyo ni aibu iliyofichika, na aliyeijua akanyamaza amekula haramu kwa kiasi alichozidisha kwenye bei. Na mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwepo tangu kwa muuzaji ana haki ya kuirudisha na kupewa hela yake, au kuridhika nayo. Yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayafuti haki hii kwa muuzaji aliyejua akaficha.

Wewe unayekwenda kununua mtumba, kabla hujatoa hela, zima mashine, iwashe, ingia bayosi mbele ya muuzaji. Kwenye ThinkPad ni F1, Dell ni F2, HP ni F10. Ikikuuliza nywila na muuzaji hana, shukuru, muage. Kumbuka nyingi ya hizi zilikuwa za makampuni. Huenda kampuni iliiuza kwa halali ikasahau kuondoa nywila, na huenda haikuiuza. Wewe huna njia ya kujua ukiwa umesimama dukani. Na dai risiti, iwe na namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini yake. Simu zetu zina namba zinazohakikiwa na TCRA, laptopu hazina utaratibu kama huo, kwa hiyo karatasi yako ndiyo shahidi wako.

Limebaki la kuandika nywila. Nimeulizwa sana: si tunaambiwa nywila ni siri? Ndiyo, na mali ya watu si siri. Ibn Umar (Allaah amridhie) amepokea kwamba haimpasi Mwislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Ibn Umar mwenyewe akasema tangu alisikie hilo haujampita usiku mmoja bila wasia wake kuwa naye. Deni unalodaiwa na amana za watu ni katika mambo ya lazima kuyausia. Karani huyu alisahau akiwa hai, tukamkalisha akajaribu. Angekufa kwenye basi la Dodoma je? Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa jeneza anauliza kama marehemu ana deni, na palikuwa na ambaye hakumswalia mpaka Abu Qatada alipoibeba dhamana ya deni. Sasa fikiria jeneza la mwenye kinu, mtoto anasimama kutangaza "anayemdai baba yetu aje kwetu," na orodha ya wanaodai imefungwa kwa neno alilolijua mtu mmoja aliyezikwa.

Usiibandike chini ya laptopu, nimeona watu wanafanya hivyo, hiyo ni kumkabidhi mwizi vyote viwili. Iandike kwenye karatasi, bahasha, gundi, saini juu ya gundi. Moja kwa mwenye mali, moja kwa mtu wa pili mnayemwamini ninyi wote. Ikibadilishwa nywila, bahasha ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na mwajiri usivuke mpaka: unastahili ufunguo wa mashine yako, hustahili nywila ya simu ya karani wala ya ujumbe wake na mkewe. Kuna waajiri wawili watatu wameshaniandikia wanataka fatwa ya hilo. Hawataipata kwangu.

Mzee hajaiuza ile laptopu. Imebaki kinuni, inaandika alizeti za msimu huu, na karani mpya ni binti wa jirani. Yule kijana amekwenda siku mbili kumfundisha, kwa malipo, nimehakikisha. Ile nywila mpaka leo hakuna anayeijua.

Wenye maswali ya mirathi niliyoahidi wiki jana, nitayajibu Ijumaa baada ya Alasiri in shaa Allaah.

Wallaahu a'lam.